Ijue 'Akili' ya Taa za Trafiki za Zamani

JE, msomaji, umewahi kusimama kwenye njia panda ya jiji ukitazama taa ikigeuka kutoka nyekundu hadi kijani, ukajiuliza ni nani anayeiamuru? Wengi wetu huishia kwenye taa yenyewe. Dereva huingoja imruhusu, utingo hulalamika kwamba inachelewa, naye anayekwenda kwa miguu huitegemea imwokoe na magurudumu ya matatu. Kumbe taa haina uamuzi wowote. Ni balbu tu, ndugu ya ile inayowaka jikoni kwako. Mwenye amri amejificha ndani ya sanduku la chuma lililosimama kando ya barabara, ambalo watu hulipita kila siku wakidhani ni la stima.

Siku hizi ndani ya sanduku hilo mna kompyuta. Lakini kabla kompyuta hazijafika barabarani, kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa na mota ndogo, gia chache, sahani inayozunguka na rodi yenye meno. Mitambo hiyo iliongoza mamilioni ya magari katika miji ya Marekani bila kufikiri hata kidogo. Mingi imeng'olewa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Hata hivyo, wako watu, hasa huko Marekani, wanaoiokoa kutoka kwenye majaa na mabohari ya manispaa, wakaisafisha na kuiwasha tena katika gereji za nyumbani kwao.

Huenda ukauliza: Hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, katika mtambo wa kale kila kitu huonekana kwa macho. Mwanafunzi akifungua kompyuta haoni ila vidude vyeusi visivyosogea. Akifungua sanduku la zamani, huona wazo likitembea. Pili, ndani ya sanduku hilo mna swali ambalo kila mzazi anayemvusha mtoto barabara angependa lijibiwe: Ni kitu gani kinachozuia taa ya kijani kuwaka pande zote mbili kwa wakati mmoja?

ZILIKOTOKA

Taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwekwa jijini London mwezi Desemba mwaka wa 1868, karibu na majengo ya Bunge. Aliyeibuni, John Peake Knight, alikuwa mhandisi wa reli, naye aliiga ishara za garimoshi. Mchana ilitumia mikono iliyoinuliwa na kushushwa, na usiku ikatumia taa za gesi, nyekundu na kijani. Magari yenyewe yalikuwa ya kukokotwa na farasi, na polisi ndiye aliyeiendesha kwa mkono. Mwezi haukuisha kabla ya msiba kutokea. Mapema Januari 1869, gesi ililipuka na kumjeruhi polisi aliyekuwa kazini.

Umeme ulipoenea, wazo hilo lilifufuka. Mnamo Agosti 5, 1914, taa za umeme ziliwekwa katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, pale Euclid Avenue inapokutana na East 105th Street. Zilikuwa na rangi mbili tu, nyekundu na kijani, pamoja na kengele ya kuonya kwamba rangi zinakaribia kubadilika. Polisi aliketi ndani ya kibanda kando ya barabara akigeuza swichi. Rangi ya manjano ilikuja baadaye. Mwaka wa 1920, polisi wa Detroit aitwaye William Potts aliunganisha rangi tatu katika taa moja iliyotazama pande nne.

Hapa inafaa tumtaje Garrett Morgan, Mmarekani mweusi wa Cleveland ambaye wazazi wake walikuwa wamepitia utumwa. Mwaka wa 1923 alipewa hati ya uvumbuzi wa ishara ya trafiki. Watu wengi husema kwamba yeye ndiye aliyevumbua taa za trafiki, lakini kifaa chake hakikuwa taa ya rangi kama hizi zetu. Kilikuwa mlingoti wenye mikono, ulioendeshwa kwa kuzungusha mpini. Fahari yake ilikuwa kwingine. Kiliweza kusimamisha magari ya pande zote kwa muda mfupi, ili walio katikati wamalize kupita na waendao kwa miguu wavuke. Liweke wazo hilo akilini, kwani tutalikuta tena ndani ya sanduku.

Polisi hawezi kukaa kibandani usiku na mchana, tena katika kila njia panda. Ndipo mafundi wakatafuta mashine ya kushika nafasi yake. Uingereza iliweka taa za kujiendesha mjini Wolverhampton mwaka wa 1927. Nchini Marekani makampuni kama Eagle Signal ya Moline, Illinois, Crouse-Hinds ya Syracuse, New York, na Econolite ya California yalitengeneza mitambo ambayo leo ndiyo inayotafutwa sana na wakusanyaji.

SAHANI, PINI NA RODI YENYE MENO

Mtambo wa muda maalumu, yaani usiojali kama kuna magari au hakuna, una sehemu tatu kuu.

Ya kwanza ni mota. Hii ni mota ya aina ile inayopatikana katika saa za ukutani za umeme, ambayo mwendo wake hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, na mota hushika mwendo huo bila kukosea. Kwa hiyo, mitambo kumi iliyo kwenye mtandao mmoja wa umeme hutembea kwa mwendo mmoja, kama askari wa gwaride. Ndiyo siri iliyowezesha dereva wa zamani kupata kijani baada ya kijani kwenye barabara ndefu bila kompyuta yoyote.

Ya pili ni sahani ya muda. Mota huizungusha kupitia gia, na mzunguko mmoja wa sahani ndio mzunguko mzima wa taa, tangu kijani ya barabara ya kwanza hadi kijani hiyo irudi tena. Ukingo wa sahani umegawanywa katika sehemu 100. Katika nafasi hizo fundi huchomeka pini. Kila pini inapofika kwenye swichi ndogo, huigusa, na mtambo hujua kwamba wakati wa kubadilika umewadia. Ukitaka mzunguko mzima uwe mrefu zaidi au mfupi zaidi, huhamishi pini hata moja. Unabadilisha gia tu.

Ya tatu ni kamshafti. Ukimwuliza fundi yeyote wa magari, atakueleza kwamba kamshafti ya injini hufungua na kufunga vali kwa zamu. Hii yetu hufungua na kufunga pointi za umeme. Pini inapogusa swichi, sumaku ya umeme iitwayo solenoidi huivuta kamshafti na kuisogeza hatua moja. Juu yake kuna kamu nyingi zilizopangwa kama vipande vya mkate, na kila kamu inasimamia taa moja: hii kijani ya barabara ya kwanza, ile manjano yake, nyingine nyekundu yake, na kadhalika. Kila kamu ina vijino kando yake, kimoja kwa kila hatua. Kuwepo au kutokuwepo kwa kijino ndiko kunakoamua kama taa itawaka au itazimika katika hatua hiyo.

Sasa jibu la swali letu limepatikana. Kijani za pande zote mbili haziwaki pamoja kwa sababu vijino havikukatwa hivyo. Usalama wa njia panda nzima umeandikwa kwenye chuma na plastiki, nawe waweza kuusoma kwa kidole. Lila na fila hazitangamani, walisema wahenga, na kwenye kamshafti iliyokatwa vyema, kijani mbili zinazogombana hazitangamani kamwe.

UTAITAMBUAJE?

Tuseme umeletewa sanduku kuukuu. Huenda ni jamaa aliye Marekani amelinunua kwenye mnada wa manispaa, au umelikuta katika maonyesho ya chuo cha ufundi. Usikimbilie kulichomeka kwenye stima. Lisome kwanza, maana mitambo hii haifanani.

Anza na bamba la jina. Mara nyingi limepigiliwa ndani ya mlango au kwenye fremu ya mtambo, na jina la kampuni pengine limechorwa kwenye chuma cha sanduku lenyewe. Andika jina la kampuni, jina la muundo, nambari, volteji na mapigo ya umeme. Kwa mfano, mitambo ya Eagle ya jamii ya EF, kama EF-15 na EF-20, hutajwa sana na wakusanyaji. Lakini usiliamini sanduku peke yake. Manispaa zilikuwa na desturi ya kuhamisha mtambo wa kampuni moja na kuuweka ndani ya sanduku la kampuni nyingine. Bamba linalohesabika ni la mtambo.

Bamba hilo pia hudokeza umri. Neno 'Hertz' lilipitishwa kimataifa kuwa kipimo cha mapigo ya umeme mwaka wa 1960. Bamba likisema 'Cycles' au 'CY' badala ya 'Hz', yaelekea mtambo huo ni wa muundo wa zamani zaidi. Huo si ushahidi kamili, kwani viwanda havikubadilisha mabamba kwa siku moja, lakini ni dalili njema.

Pili, hesabu sahani. Mtambo wenye sahani moja ulikuwa na mpango mmoja wa siku nzima. Wenye sahani tatu ulikuwa na mipango mitatu: wa asubuhi watu wakienda kazini, wa jioni wakirudi, na wa saa nyingine. Saa maalumu au waya kutoka mtambo mkuu ndiyo iliyochagua sahani ya kutumika.

Tatu, hesabu kamu na hatua za kamshafti. Idadi ya kamu itakuambia mtambo unaweza kuamuru taa ngapi, na hatua zitakuambia mpangilio wake unaweza kuwa na vipindi vingapi.

Nne, tazama kama hakuna sahani kabisa. Ukikuta valvu za kioo kama zile za redio za kale, rilei nyingi na vibonyezo vya kuzungusha vilivyoandikwa sekunde, huo ni mtambo wa aina nyingine: ule uliongoja kuambiwa na vifaa vilivyofukiwa barabarani kwamba gari limefika. Ukikuta mabati ya transista yanayochomoka kama vitabu kwenye rafu, ni mtambo wa baadaye zaidi. Makala haya yanahusu ule wa sahani, ambao ndio rahisi kwa anayeanza.

Tano, tafuta karatasi. Mafundi wengi walibandika mchoro wa waya ndani ya mlango, pamoja na kadi yenye jina la njia panda na nyakati zake. Karatasi hiyo, hata ikiwa imetafunwa na mende, ina thamani kuliko rangi mpya ya sanduku. Ndiyo historia ya mtambo.

Jambo la sita si la ufundi bali la haki. Mwulize anayeuza alikoupata. Mtambo uliong'olewa barabarani bila ruhusa ni mali ya umma iliyoibwa, na pengine umeacha njia panda fulani gizani. Usiponunua, mwizi hatakuwa na soko.

KABLA YA KUGUSA WAYA

Msomaji, hapa tutulie kidogo. Mtambo huu haukutengenezwa kama kitu cha kuchezea nyumbani. Ndani yake kuna skrubu na vyuma vilivyo wazi ambavyo hubeba umeme wa kuua. Mafundi wa manispaa waliujua na wakaufunga kwa kufuli. Sebuleni kwako hakuna kufuli, na kuna watoto.

Kwa hiyo hakikisha haujaunganishwa na umeme wowote unapousafisha. Kama ni wa valvu, kumbuka kwamba kapasita zake zaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Usikwaruze wala kupiga msasa mabamba ya kuzuia joto au waya zilizofumwa kwa nyuzi za kijivu, kwani vifaa vingi vya umeme vya zamani vilitumia asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Ukiona kijichupa cha kioo chenye kitu king'aacho kama fedha iliyoyeyuka, hiyo ni zebaki. Usikivunje, usikifungue.

Halafu shika kamera au simu yako. Piga picha kila waya kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza. Andika kila pini imechomekwa wapi na gia ina nambari gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtambo wa trafiki ukishavurugwa bila daftari hugeuka fumbo la wiki nzima.

Kuusafisha hakuhitaji mengi. Vumbi hutolewa kwa brashi laini. Pointi zilizoshika weusi husuguliwa taratibu kwa karatasi ngumu au kifaa maalumu cha kusafishia pointi, si kwa tupa kubwa ya fundi wa vyuma. Gia hupewa tone la oili nyepesi kama ile ya cherehani, na tone ni tone. Oili ikimwagikia pointi, itashika vumbi na kuungua.

KUUPANGA

Sasa tuupange mtambo wetu kwa njia panda ya barabara mbili, tuziite A na B. Tumeweka gia ya sekunde 60. Kwa kuwa sahani ina sehemu 100, kila sehemu ni sekunde 0.6. Tunataka vipindi sita.

Kijani ya A tuipe sehemu 45, yaani sekunde 27. Manjano ya A tuipe 6, yaani sekunde 3.6. Kisha nyekundu pande zote, sehemu 2, yaani sekunde 1.2. Hili ndilo wazo la kusimamisha wote tuliloliona kwa Garrett Morgan. Kijani ya B tuipe 39, yaani sekunde 23.4. Manjano ya B ni 6 tena, na nyekundu ya pande zote 2 tena. Jumlisha: 45 na 6 na 2 na 39 na 6 na 2 ni 100. Hesabu ikizidi au kupungua, umekosea mahali.

Pini basi zitachomekwa kwenye 0, 45, 51, 53, 92 na 98. Pini ya 0 huwasha kijani ya A, ya 45 huleta manjano yake, ya 51 husimamisha wote, ya 53 hufungulia B, ya 92 huleta manjano ya B, na ya 98 husimamisha wote tena hadi sahani irudi kwenye 0. Kama kamshafti yako ina hatua 12, mpangilio huu wa hatua sita waweza kukatwa mara mbili, ili kamshafti imalize mzunguko wake mmoja kila baada ya mizunguko miwili ya taa.

Angalia jambo moja ambalo wanaoanza hulisahau. Ukibadilisha gia ya sekunde 60 na kuweka ya 90, kila kipindi hurefuka, si kijani peke yake. Manjano iliyokuwa sekunde 3.6 itakuwa 5.4. Ukiweka gia ya sekunde 40, manjano itabaki sekunde 2.4 tu, na dereva aliye kwenye mwendo wa kasi hatapata nafasi ya kusimama. Ndiyo maana fundi wa zamani alipobadilisha gia alirudi kwenye sahani na kusogeza pini za manjano pia. Hesabu ya darasa la saba, lakini aliyeikosea angeweza kumgharimu mtu maisha.

Hatari nyingine ni kamshafti kupoteza hatua. Ikiachwa nyuma kwa hatua moja tu, basi sahani itadhani inahesabu sehemu 45 za kijani, kumbe taa inayowaka ni nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo mitambo mingi ina njia ya kuhakikisha kwamba mwanzo wa sahani unakutana na mwanzo wa kamshafti katika kila mzunguko. Usiondoe kifaa hicho kwa kuona hakina kazi. Kina kazi siku mambo yanapoharibika.

Na hivyo vijino vya kamu, msomaji, vina sheria moja isiyo na rufani. Jino likishang'olewa halioti tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Kamu hizi hazitengenezwi tena kama zamani, na anayezivunja kwa kubahatisha hulazimika kusaka mtambo mwingine uliokufa ili atoe vipuri. Chora kwanza jedwali kwenye karatasi: hatua ziende chini, taa ziende upande. Weka alama panapotakiwa kuwaka. Mwombe mtu mwingine alikague. Ndipo ushike koleo. Afadhali zaidi, kama kamshafti tayari imekatwa kwa mpangilio unaofanya kazi, iache kama ilivyo, uitumie kama walivyoikata mafundi wa mji ule. Umehifadhi njia panda nzima mkononi mwako.

Baada ya hapo, kabla ya umeme, sogeza kamshafti kwa mkono hatua moja baada ya nyingine, huku ukipima kwa mita pointi zipi zimegusana. Katika kila hatua, tazama kijani ya A na kijani ya B. Zikigusana zote mbili hata mara moja, kazi haijaisha.

UMEME WETU NA WAO

Hapa ndipo Wakenya wengi wangeunguza mtambo dakika ya kwanza. Mitambo ya Marekani hutumia umeme wa volti 120. Wa kwetu ni volti 240. Ukiichomeka moja kwa moja, balbu na solenoidi hazitaonekana tena. Inahitajika transfoma ya kuteremsha umeme. Ukiwa na taa ya pande nne yenye balbu za wati 60, balbu nne huwaka kwa wakati mmoja, jumla wati 240. Ukiongeza mota na solenoidi, transfoma ya wati 500 itakupa nafasi ya kutosha. Isiwe ndogo kuliko mzigo wake.

Lakini transfoma haibadilishi mapigo. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde badala ya 60, na mota ya mtambo hufuata mapigo. Kwa hiyo gia ya sekunde 60 itazunguka kwa sekunde 72, na manjano ya sekunde 3.6 itakuwa sekunde 4.3 hivi. Mtambo hauna kasoro. Unahesabu mapigo 3,600 kama ulivyofundishwa, ila sisi tunampigia ngoma polepole. Isitoshe, mota na solenoidi za mapigo 60 hupata joto zaidi zikitumiwa kwa 50, kwa hivyo usiuache ukiwaka siku nzima bila mtu.

Kazi ya kuunganisha umeme mwachie fundi wa stima aliyehitimu. Mwambie aweke fyuzi, aunge waya wa ardhini kwenye sanduku la chuma, na kuweka swichi ya kuzima yote kwa mara moja mahali panapofikika. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya mazishi.

KWA WANAFUNZI

Huna mtambo wa Moline wala jamaa Marekani? Usivunjike moyo. Waweza kuunda kamshafti yako kwa mti wa kusukumia chapati, kwa idhini ya mama.

Uzungushie karatasi ya fedha ile ya kufungia vyakula. Kata karatasi ya kawaida itoshee juu yake, lakini acha ukingo mmoja wa karatasi ya fedha wazi. Kwenye karatasi ya juu chora mistari sita kuzunguka mti: kijani, manjano na nyekundu ya A, kisha kijani, manjano na nyekundu ya B. Gawanya mzingo katika sehemu kumi zinazolingana. Sehemu ya 1 hadi ya 4, kata madirisha kwenye kijani ya A na nyekundu ya B. Sehemu ya 5, manjano ya A na nyekundu ya B. Sehemu ya 6 hadi ya 9, nyekundu ya A na kijani ya B. Sehemu ya 10, nyekundu ya A na manjano ya B. Gundisha karatasi hiyo.

Sasa panga vibanio sita vya karatasi viguse mistari hiyo, na cha saba kiguse ule ukingo ulio wazi. Kibanio cha saba kiunge na ncha moja ya betri za tochi. Kila kimoja cha vile sita kiunge na balbu yake ndogo ya tochi, na balbu zote zirudi kwenye ncha ya pili ya betri. Zungusha mti polepole. Palipo na dirisha, kibanio hugusa karatasi ya fedha na balbu huwaka. Tumia betri pekee, kamwe si stima ya ukutani.

Mwalimu wa fizikia ataipokea kazi hiyo kwa mikono miwili katika maonyesho ya sayansi. Na ukimaliza, jaribu swali gumu zaidi: ongeza sehemu ya nyekundu ya pande zote. Utalazimika kugawanya mti upya, na utaelewa kwa nini sahani za wakubwa zina sehemu 100 na si kumi.

MASHINE ISIYOSAHAU

Mitambo ya sahani ilianza kupewa kisogo vipuri vya elektroniki vilipokuwa rahisi. Mwaka wa 1976 chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, NEMA, kilitoa kanuni za mitambo mipya ya elektroniki, na ndani yake mkawemo mlinzi maalumu ambaye kazi yake ni kuchungulia taa tu. Akiona kijani mbili zinazogombana, huinyang'anya mashine amri na kuzifanya taa zote zipepese. Mlinzi huyo alihitajika kwa sababu kifaa cha elektroniki chaweza kukosea bila mtu kuona. Kamshafti nayo, kosa lake waliona kwa macho kabla ya kufunga mlango.

Basi utakapovuka tena njia panda ukimshika mtoto mkono, mwonyeshe lile sanduku la chuma. Mweleze kwamba ndani yake kuna mtu aliyeketi zamani akahesabu sekunde za manjano, akajumlisha mara mbili, akahakikisha zimefika 100. Kisha mwambie atazame kulia, kushoto, na kulia tena kabla ya kukanyaga lami, kwa maana hata mashine iliyopangwa vyema huamuru taa tu. Haimwamuru dereva.